Vumbi na Mteremko: Niliyojifunza kwa Kuitunza Baiskeli ya Milimani Nyumbani Uyole

Baiskeli ya milimani inayotumika Uyole, upande wa mashariki wa jiji la Mbeya, huliwa na vitu viwili. Cha kwanza ni vumbi. Udongo wetu umetokana kwa sehemu kubwa na majivu na mawe mepesi yaliyorushwa zamani na volkano za Rungwe na Ngozi, na ukiusugua kidogo kati ya vidole wakati wa kiangazi utahisi chembe zake zinakwaruza kama msasa. Cha pili ni mteremko. Barabara ya Tukuyu ikiondoka Uyole huipanda safu ya Uporoto mpaka Isongole kabla ya kushuka kuelekea Kiwira, na njia za mashambani zinazochepuka humo zina miinuko mikali kuliko barabara yenyewe. Mimi ni afisa ugani. Kwa miaka mingi nimezungukia mashamba ya viazi mviringo na pareto kwa baiskeli, na katika miaka hiyo yote kazi ya kuisafisha, kuikagua na kuitengeneza nimeifanya mwenyewe kwenye kibaraza cha nyuma ya nyumba.

Jambo kubwa nililojifunza ni kwamba, katika mazingira haya, matengenezo ya nyumbani ni kazi ya kusafisha na kukagua kabla ya kuwa kazi ya spana. Uchafu ukiondolewa mapema, na kila kinacholika kikapimwa kabla hakijaisha, nati nyingi hazitahitaji kuguswa msimu mzima. Ndiyo maana vifaa vyangu ni vichache: alenki za milimita 4, 5 na 6, spana namba 15 ya pedali, bisibisi ya nyota, plaizi, pampu, ufunguo wa spoku na kile kifaa kidogo cha kusukumia pini za mnyororo. Vingine vyote ni mswaki mkuukuu, kopo la bati na matambara ya fulana za pamba, na ningeambiwa nichague kati ya matambara hayo na nusu ya spana zangu, ningebaki na matambara.

Nianze na mnyororo, kwa kuwa ndio unaoonyesha ukweli huo waziwazi. Desturi iliyoenea huku ni kuumiminia oili chafu iliyotolewa kwenye injini ya gari, kwa sababu hupatikana bure gereji na huunyamazisha mlio papo hapo. Ni kweli mlio hunyamaza. Lakini oili ile tayari imebeba masizi na chembe za chuma kutoka kwenye injini, na ikishalowanisha mnyororo hulishika vumbi la barabarani na kuliingiza ndani ya pini, mahali ambapo chuma hugusana na chuma. Fundi mmoja mzee mwenye kijiwe karibu na njia panda ya Uyole alinieleza jambo hili kwa maneno machache ambayo sijayasahau. Alisema, "Bwana shamba, oili haioshi. Ukiitia juu ya mchanga umeushikisha mchanga, na sasa unatembea nao." Nilimjibu kwamba watu wote niwajuao wanatia juu ya uchafu, naye akanionyesha debe lililojaa gia zilizochongoka meno, akasema, "Na hawa wote walikuwa wanatia."

Utaratibu ninaoufuata ni huu. Natia mafuta ya taa kidogo kwenye kopo, nachovya mswaki na kuusugua mnyororo pande zote huku nikizungusha pedali kinyumenyume, kisha naufuta kwa tambara hadi tambara litoke bila weusi mwingi. Situmii petroli kwa kazi hii, kwa kuwa hushika moto kwa urahisi mno na sisi wengine jiko la mkaa huwa haliko mbali na kibaraza. Baada ya hapo nauacha mnyororo ukauke kabisa, kwa sababu mafuta ya taa yaliyobaki ndani huizimua oili mpya na kuiondolea nguvu. Ukishakauka, natia tone moja la oili safi kwenye kila kigurudumu kidogo cha mnyororo, upande wa ndani, nazungusha kwa dakika moja au mbili ili ipenye, halafu nafuta kwa bidii oili yote iliyobaki nje. Hatua hii ya mwisho wengi huiruka wakidhani wanapoteza oili waliyoinunua. Oili inayofanya kazi ni ile iliyo ndani ya pini. Iliyo nje huwa imekaa tu ikilingoja vumbi.

Aina ya oili hutegemea msimu. Kuanzia Juni hadi Oktoba, vumbi linapokuwa jingi, natumia oili nyepesi na ninarudia kazi hiyo mara kwa mara, kwa maana oili nyepesi haidumu. Mvua zinapoanza, kwa kawaida Novemba, na kuendelea hadi Aprili, oili nyepesi huoshwa na maji ya safari moja tu, hivyo nahamia kwenye oili nzito zaidi. Oili iliyotengenezwa mahsusi kwa minyororo ya baiskeli ndiyo bora, na huweza kuagizwa kutoka Dar es Salaam ikaja kwa basi, lakini oili mpya ya injini iliyofutwa vizuri inafaa kuliko oili bora iliyoachwa juu ya tope.

Mnyororo unapimwa, wala hauhukumiwi kwa macho. Umbali kati ya pini moja na inayofuata ni nusu inchi, kwa hiyo hatua 24 za mnyororo mpya ni inchi 12 kamili. Watu husema mnyororo umevutika, lakini bamba zake hazikuvutika. Pini zake na matundu yake ndiyo yaliyolika, na kila kiungo kimeongeza uwazi mdogo ambao ukijumlishwa unaonekana. Rula ya shule ya sentimita 30 haifiki, kwani inchi 12 ni milimita 304.8. Natumia tepu ya fundi seremala, na kwa kuwa kile kindoano cha mwanzo wa tepu huwa kimelegea, naanza kupima kwenye inchi ya 1 na kusoma kwenye ya 13. Kukiwa na ziada ya moja ya kumi na sita ya inchi, yaani mnyororo umefika kama milimita 306.4, wakati wa kununua mwingine umefika. Ziada ikifika moja ya nane, takribani milimita 308, mara nyingi gia za nyuma nazo zimekwisha kulika kwa kufuata mnyororo huo mbovu, na ukiweka mnyororo mpya juu yake utaruka meno pale unapokanyaga kwa nguvu mlimani. Hesabu yake ni nyepesi: mnyororo unaobadilishwa mapema huziokoa gia, na seti ya gia ni ghali kuliko mnyororo.

Breki zinahitaji umakini wa namna nyingine, kwa sababu mnyororo ukikatika utatembea kwa miguu, bali breki ikikosa nguvu kwenye mteremko huna pa kwenda. Wasiokaa nyanda za juu kusini hawajui mteremko unavyodai. Barabara ya kutoka Chimala kwenda Matamba ina kona 57 za kupandisha ukuta wa mlima, na ndiyo maana hujulikana kwa jina la Hamsini na Saba. Anayeshuka hapo kwa baiskeli huwa ameyakabidhi maisha yake kwa vipande vinne vya raba au pedi. Tukichukua mpanda baiskeli ambaye yeye, chombo chake na mzigo wake wana jumla ya kilo 90, kila mita 500 za kwenda chini humlazimu kuondoa nishati ya karibu kilojuli 440. Nyingine huchukuliwa na upepo, lakini kwa mwendo wa pole wa barabara mbovu sehemu kubwa hugeuka joto kwenye breki, na kiasi hicho chote kingetosha kuchemsha zaidi ya lita moja ya maji ya baridi. Joto hilo hulainisha raba na hupandisha presha ndani ya tairi. Kwa hiyo hushuka nikikamata na kuachia kwa vipindi, breki zote mbili, na kwenye mteremko mrefu nasimama njiani zipoe.

Ukaguzi wa breki za rimu, yaani za raba zinazobana ubavu wa rimu, ambazo ndizo ninazotumia, huchukua muda mfupi. Naondoa gurudumu, natazama uso wa raba, na kwa ncha ya pini nachokonoa punje za mchanga na vipande ving'avu vya alumini vilivyojichimbia humo, kwa kuwa raba yenye punje hizo huchonga rimu kila unapoibana. Kisha nausugua uso wake kwa msasa hadi ule utelezi uliotokana na joto uondoke, na rimu yenyewe naifuta kwa tambara lenye spiriti. Napitisha kidole kwenye ubavu wa rimu nikitafuta bonde. Rimu nyingi huwa na mfereji mwembamba au kitundu cha alama, na alama hiyo ikifutika, ukuta wa rimu umekuwa mwembamba na haufai tena kuaminiwa. Waya wa breki ulioanza kukatika nyuzi zake karibu na mkono wa breki sifanyi nao mjadala. Naubadilisha siku hiyohiyo.

Vijana wengi sasa wana baiskeli za breki za diski, ambapo pedi hubana sahani ya chuma iliyo katikati ya gurudumu, nao hunijia kuuliza. Kwenye diski, adui mkubwa ni oili. Tone moja la oili ya mnyororo likirukia pedi huzifanya zipige kelele na zikose nguvu, na mara nyingi pedi zilizonyonya oili haziponi. Pedi za kampuni ya Shimano hubadilishwa unene wa sehemu inayosugua ukibaki milimita 0.5, na diski zake nyingi zimechapwa unene wa mwisho unaoruhusiwa, ambao ni milimita 1.5. Kwa breki zinazotumia mafuta badala ya waya, nawasihi wasome kwanza maandishi kwenye mkono wa breki. Shimano hutumia mafuta ya madini, ilhali breki nyingi za kampuni ya SRAM zimetengenezwa kwa mafuta ya DOT, ya aina moja na yale ya breki za gari. Ukitia ya gari kwenye mfumo wa mafuta ya madini, mipira ya ndani huvimba na kuharibika, na jambo hili lina hatari ya pekee hapa kwetu kwa kuwa mafuta ya breki za gari yanauzwa katika kila duka la spea tangu Mafiati hadi Mbalizi, wakati ya madini hayaonekani kirahisi. Tena gurudumu likiwa nje, mkono wa breki usibanwe. Ni heri kuweka kipande cha kadibodi safi katikati ya pedi mpaka gurudumu lirudi.

Pancha ni kazi ya kila mtu, hivyo nitagusia yale tu ambayo huachwa. Kabla ya kuutafuta mwiba, weka alama ya chaki kwenye tairi mkabala na valvu, ili tundu likishaonekana kwenye tyubu ujue ni sehemu gani ya tairi ya kupekua. Mpekuo huo ufanywe kwa tambara badala ya vidole vitupu. Mwiba utalikamata tambara. Ukikuta matundu mawili madogo yaliyokaa sambamba, usihangaike na mwiba, kwa sababu tyubu ilibanwa kati ya rimu na jiwe na dawa yake ni kuongeza upepo. Solusheni, yaani gundi ya viraka, ipakwe kwa wembamba juu ya sehemu iliyosuguliwa na iachwe dakika kama tano hadi ikauke na kunata, ndipo kiraka kibandikwe. Viraka vinavyobanduka baada ya wiki moja karibu vyote vilibandikwa solusheni ikiwa bado mbichi.

Ununuzi wa tairi nao una mtego. Mtu huenda sokoni Mwanjelwa akaomba tairi ya inchi 26, akapewa, akafika nyumbani ikakataa kuingia, kwa sababu kuna inchi 26 zaidi ya moja. Tairi ya baiskeli ya milimani iliyoandikwa 26 x 1.95 hukaa kwenye rimu ya kipenyo cha milimita 559, ilhali iliyoandikwa 26 x 1 3/8, ya baiskeli za mjini, huhitaji rimu ya milimita 590. Baiskeli za inchi 27.5 hutumia 584 na za inchi 29 hutumia 622. Namba hizo za milimita huwa zimechapwa ubavuni mwa tairi, kwa mfano 50-559, na mimi huziandika kwenye karatasi kabla ya kupanda daladala. Tyubu nazo zitazamwe valvu: iko nene kama ya gari, iko nyembamba yenye nati ndogo kichwani, na iko ile ya zamani yenye kipira ambayo huja na baiskeli nyingi za mtumba kutoka Japani. Tundu la rimu lililotobolewa kwa valvu nyembamba halitaipokea ile ya gari.

Kuhusu gia nitasema machache. Gia zikianza kusitasita, kwa kawaida waya umelegea, na ukizungusha kile kirekebishi cha waya kinyume cha saa, nusu mzunguko kwa wakati mmoja, waya hukazika na mnyororo hupanda vizuri kwenye gia kubwa. Skrubu mbili zilizoandikwa H na L hazihusiki na hilo. Kazi yake ni kuzuia mnyororo usiangukie nje ya gia ndogo wala kuingia kwenye spoku. Lakini baiskeli iliyosafirishwa kwenye buti la basi ikilaliwa na magunia itakuwa na tatizo jingine kabisa, yaani kile kipande kinachokishikilia kikono cha gia cha nyuma kimepinda, na hapo hakuna skrubu itakayosaidia kabla hakijanyooshwa. Ukisimama nyuma ya baiskeli na kutazama kwa jicho moja, kikono kinapaswa kuwa wima sambamba na gia.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni kunyoosha gurudumu. Inahitaji utulivu, na jioni za Julai, baridi ya Uyole inapowaingiza watu ndani mapema, huifanya taratibu nikiwa na taa. Naigeuza baiskeli juu chini, nalizungusha gurudumu na kutumia raba ya breki kama kipimo: pale rimu inapoigusa raba ya kushoto, spoku za upande wa kulia za eneo hilo zikazwe robo mzunguko na za kushoto zilegezwe robo mzunguko. Halafu nazungusha tena na kutazama. Anayekaza mzunguko mzima kwa pupa hulivuta tatizo kutoka upande mmoja kwenda mwingine, mwisho rimu ikawa na umbo la nane. Kabla ya yote napapasa spoku mbili mbili kwa vidole na kuzigonga nisikilize mlio. Spoku iliyolegea hutoa sauti nzito na butu kati ya wenzake, na mara nyingi kuikaza hiyo peke yake humaliza kazi. Binti wa jirani yangu, ambaye husoma sekondari na huenda shule kwa baiskeli, ameijua kazi hii vizuri kuliko watu wazima wengi, kwa sababu ana sikio zuri na hana haraka.

Habu za magurudumu, yaani vile vitovu vinavyozunguka kwenye ekseli, nazifungua Oktoba, kabla ya mvua, na tena Mei, mvua zikishakwisha. Habu za kawaida za koni, yaani zile nati zinazobana gololi, huwa na gololi 10 za ukubwa wa 3/16 ya inchi kila upande wa gurudumu la mbele, na gololi 9 za robo inchi kila upande wa nyuma. Tandika kitambaa cheupe chini na uzihesabu, maana gololi inayokosekana huziachia nyingine mwanya wa kugongana. Gololi zilizopoteza mng'aro zitupwe zote, usichanganye mpya na za zamani. Grisi iwe ya kutosha, na koni ikazwe mpaka gurudumu lisicheze huku na huku lakini ekseli ikizungushwa kwa vidole iende bila kukwama. Kwa sababu ya habu hizi nawaomba wenye baiskeli wasizipeleke kwenye sehemu za kuoshea magari. Maji yenye presha huipita mipira ya kuzuia vumbi, huingia kwenye grisi, na baiskeli inayong'aa kwa nje huanza kutoa kutu kwa ndani. Ndoo moja, sabuni na brashi laini vinatosha.

Zipo kazi ninazompelekea yule mzee wa kijiweni, na namlipa kwa moyo mweupe, kwani zinahitaji vifaa ambavyo mtu mmoja hana sababu ya kuvinunua. Pedali nazifungua mwenyewe, nikizingatia kwamba ya kushoto ina nyuzi za kinyume na hulegezwa kwa kuizungusha kufuata saa. Lakini kung'oa krenki, yaani mikono inayobeba pedali, na kubadilisha beringi za kati namwachia yeye. Mara ya mwisho aliponifungulia alinionyesha tope jekundu lililojaa kwenye kasha la beringi, ingawa habu zangu zilikuwa safi. Akaniuliza, "Bwana shamba, unadhani limeingilia wapi?" Halikuingilia chini. Maji ya mvua yanayorushwa na tairi la nyuma hupenya pale nguzo ya kiti inapoingia kwenye fremu, yakashuka ndani ya bomba hadi kwenye beringi, na kukaa humo. Siku hizi, baada ya safari ya mvua kubwa, natia alama kwenye nguzo ya kiti ili nijue urefu wake, naichomoa, naigeuza baiskeli juu chini usiku kucha ili maji yatoke, na asubuhi naipaka nguzo grisi kabla ya kuirudisha. Kwenye ule mwanya wa juu nimefunga kipande cha tyubu kuukuu, kipana cha kutosha kushika nguzo na fremu kwa pamoja.